Nilihukumu Filamu Nisiyoiona

Usiku mmoja wa Julai mwaka 2019, hapa Uwemba, nilikaa na mpwa wangu kuitazama filamu ya Maangamizi. Wanaoijua Njombe wanafahamu Julai yetu ilivyo. Ukungu hushuka kabla ya magharibi, mablanketi hutoka vyumbani yakahamia sebuleni, na mtu akishapata nafasi karibu na jiko haondoki kwa sababu ndogondogo. Kwa hiyo tuliitazama mpaka mwisho, ingawa kuanzia dakika ya 20 nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba filamu ni mbaya.

Tulikuwa na kisanduku kidogo cheusi, kile cha kuunganisha na televisheni ili kuvuta filamu kutoka intaneti au kuzisoma kutoka kwenye flashi. Kilinunuliwa Makambako kwa bei ya kuridhisha, na aliyekiuza aliapa kwamba kinacheza kila kitu. Filamu yenyewe niliipata kwa njia ndefu. Rafiki aliyerudi kutoka Marekani aliniletea DVD. Nami, kwa kuwa sikuwa tena na deki, nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye duka la kuingiza nyimbo na filamu, akaniwekea kwenye flashi. Alinirudishia faili lisilozidi megabaiti 400, akajisifu kwamba amelibana vizuri.

Picha ilitembea kama gari lililopakia viazi linapopanda mlima: inavuta, inasita, inavuta tena. Kila kamera ilipogeuka, nyumba na miti vilirukaruka. Penye giza palijaa miraba myeusi na ya kijivu iliyokuwa ikihama kama wadudu. Sauti nayo ilitangulia midomo.

Wiki mbili baadaye nilialikwa kuzungumza na vijana wa kidato cha 5 juu ya uhakiki, nikaichukua filamu hiyo kuwa mfano. Niliandika ukurasa mzima nikawasomea. Nilisema filamu inajikokota. Nilisema mpigapicha hakujua kazi yake. Na nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi, kwamba mwigizaji mkuu ana uso usiosema kitu.

Mwigizaji huyo ni Amandina Lihamba. Msomaji aliyepitia tamthilia zetu anamjua: ndiye mwandishi wa Hawala ya Fedha, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu aliyeishi na jukwaa maisha yake yote. Nilijua hayo yote nilipokuwa nikisoma ukurasa wangu. Badala ya kunifanya nisite, yalinipa ujasiri zaidi. Nilijiona mhakiki asiyeogopa majina.

Tulipotoka nje mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, lakini ule uso sisi hatukuuona." Nikamjibu kwamba mimi niliuona vizuri sana.

Hebu niieleze filamu yenyewe kidogo, maana haitazamwi sana. Maangamizi ilitoka mwaka 2001, ikiongozwa na Martin Mhando wa Tanzania pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo nchi yetu iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipelekwa mwaka 2022. Inamhusu Asira, daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika, anayekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Tanzania. Huko anamkuta Samehe, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi, ambaye bibi wa kale aitwaye Maangamizi humjia. Samehe ndiye Lihamba. Tazama basi kazi aliyopewa: kumbeba mtu asiyesema. Mwigizaji wa namna hiyo hana chombo kingine isipokuwa uso, shingo, mabega na pumzi. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo kisanduku changu kilivitupa kwanza.

Hapa itanibidi nitoke kwenye sanaa niingie kwenye hesabu, na nitakuwa mfupi kadiri niwezavyo. Picha moja ya video tunayoiita HD ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani vitone zaidi ya milioni 2. Kila kitone kikielezwa rangi yake kwa biti 24, na picha 24 zikipita kwa sekunde kama ilivyo desturi ya sinema, zinahitajika biti bilioni 1.2 hivi kwa kila sekunde. Hakuna nyumba ya kawaida inayopata mkondo wa namna hiyo. Kampuni za kuonyesha filamu kwa intaneti hupendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD. Hata hiyo, saa 1 tu itakula gigabaiti 2 na zaidi za bando lako. Gawanya: kile kinachotufikia ni kama sehemu 1 katika 240.

Sehemu 239 zimekwenda wapi? Nyingi hazikuwa na haja ya kurudiwa. Ukuta usiosogea huandikwa mara moja tu, kisha picha zinazofuata huambiwa kwamba ukuta ni uleule. Nyingine zimetupwa kwa hesabu ya kwamba jicho la binadamu halitazikosa: tofauti ndogo za rangi, mikwaruzo ya ngozi, weusi mmoja na weusi mwingine uliokaribiana nao. Zikitupwa kwa kiasi, kweli jicho halizikosi. Lakini nafasi ikizidi kubanwa, mashine haina tena anasa ya kuchagua vizuri. Huhifadhi kinachotikisika sana, kama magari na mapigano, na hulipaka tope lililotulia. Uso ulionyamaza, kwa mashine, ni ukuta.

Kwa Kiswahili tumekiita kile chombo cha televisheni ya dijitali king'amuzi, wengine kisimbuzi. Majina hayo yalienea mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Mimi hupenda king'amuzi, kwa sababu lina kitenzi cha kung'amua ndani yake. Visanduku hivi vya siku hizi navyo ni ving'amuzi vya aina yake, na aliyeibana filamu kabla yake amekwisha ng'amua kwa niaba yetu. Amekwisha amua lipi lina maana na lipi halina. Nikiketi na kalamu yangu, mimi ni mhakiki wa pili au wa tatu, wala sijui wa kwanza alifuta nini.

Kuna kisa cha zamani ambacho waliosomea mambo ya sinema wanakifahamu. John Wilson alikisimulia huko London, na Marshall McLuhan akakiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1962. Wataalamu wa afya walitengeneza filamu ya polepole sana kuwaonyesha wanakijiji wa Afrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Baada ya kuionyesha waliwauliza watu wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ina kuku. Ikawabidi waipitie picha moja moja, na kweli wakamkuta kuku aliyeruka pembeni mwa picha kwa muda kama wa sekunde moja.

Kisa hicho kimetumika mara nyingi kuonyesha kwamba Mwafrika hakujua kutazama sinema. Mimi nakisoma kinyume. Watu wale walitazama vizuri kuliko walioishika kamera. Lakini jambo linalonichekesha ni hili: filamu ileile ingebanwa leo na kijana wa flashi, kuku angeondolewa. Ni mdogo, yuko pembeni, amepita upesi. Wanakijiji wangeulizwa wameona nini, wakasema hawakuona kitu, na wataalamu wangeandika kwamba Waafrika hawaoni hata kuku.

Tabia hii ya kumlaumu mtazamaji ni ya siku nyingi katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na majaribio ya filamu za elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham. Walipiga filamu za milimita 16, sauti wakaiweka kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha, wakazunguka na lori Tanganyika na nchi jirani. Aliyewahi kuendesha santuri anaweza kukisia jinsi ilivyo kazi kuilinganisha na picha, usiku, kiwanjani, umeme ukitoka kwenye jenereta. Kisha, kuanzia mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilipounda kitengo chake cha filamu za makoloni, William Sellers na wenzake walishikilia kanuni kwamba filamu za Waafrika ziwe za polepole, picha zikae muda mrefu, na ujanja wa kamera uepukwe, kwa kuwa akili ya mtazamaji haiwezi kufuata. Walipima akili ya watu. Shuka, mashine na giza la uwanjani havikupimwa kwa bidii ile.

Nami mwaka 2019 nilifanya vilevile, ila nilimgeukia mtengenezaji. Picha ilipokuja imevunjika, sikuuliza njia iliyopita.

Najitetea kidogo kwamba kizazi changu kilifundishwa kuvumilia. Televisheni ya Bara ilianza mwaka 1994, na huku kwetu mawimbi yake yalichelewa sana kufika. Tulichokuwa nacho ni vibanda vya video: mikanda iliyonakiliwa kutoka mikanda iliyonakiliwa, benchi za mbao, na picha yenye mistari inayopanda na kushuka. Baadaye zikaja filamu zilizotiwa maneno ya Kiswahili na watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye aliisimulia filamu ya Wahindi au Wachina juu ya sauti zao wenyewe, akifafanua, akitania, akionya. Wasomi wengine wamemwona kuwa mtafsiri. Mimi naona alikuwa pia fundi wa kuziba mashimo. Mkanda uliochakaa usioonyesha machozi, Lufufu alikuambia kwamba mama analia. Sura ya mtu ikiwa kivuli, alikuambia huyu ndiye yule mbaya wa mwanzo. Hatukuhitaji picha safi, tulikuwa na msimulizi.

Lakini Maangamizi haina msimulizi wa namna ile. Inakutegemea uone.

Mwaka 2023 mpwa wangu alirudi nyumbani kwa likizo. Alikuwa amekwisha anza kujifunza kuhariri video mjini, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniuliza ile DVD iko wapi. Ilikuwa kwenye kabati, ndani ya bahasha ya posta. Alikuja na kifaa cha kusomea diski, akainakili upya bila kuibana, faili likawa la gigabaiti kadhaa. Kisha akanionyesha kitu nilichokuwa sikijui hata kidogo.

DVD za Marekani hazikuandikwa kwa mfumo wetu. Sisi tulirithi mfumo wa PAL, wa picha 25 kwa sekunde. Wao wana NTSC, karibu picha 30. Filamu ya picha 24 ikiingizwa humo, kila picha hukatwa vipande viwili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, kisha vipande hivyo hugawanywa kwa zamu: picha hii vipande 2, inayofuata 3, kisha 2, kisha 3. Ndiyo maana kamera ikigeuka taratibu, miti hairudi nyuma kwa mwendo mmoja, bali hatua fupi, hatua ndefu, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Kisanduku chetu hakikujua kuvirudisha vipande hivyo mahali pake. Mpwa wangu alitumia programu ya kompyuta iliyoviunganisha, picha zikarudi 24 kamili kwa sekunde, na kwenye mipangilio ya kisanduku akawasha sehemu inayoifanya televisheni ifuate mwendo wa filamu badala ya kuilazimisha filamu ifuate televisheni.

(Kumbe hata PAL ilikuwa na dhambi yake. Filamu za picha 24 zilichezwa kwa 25, kwa hiyo zilikimbia asilimia 4. Filamu ya dakika 100 iliisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zilipanda kidogo. Sikuwahi kuligundua hilo katika miaka yote ya mikanda.)

Faili lile jipya nalo lilikataa kwanza. Lilikuwa limehifadhiwa kwa mtindo mpya wa kubana, ule wa mwaka 2013, na chipu ya kisanduku chetu cha Makambako haikuwa na sehemu maalumu ya kuufungua; ikajaribu kuufungua kwa nguvu za jumla za ubongo wake, kikapata moto, picha zikaanza kurukwa. Muuzaji aliyeapa kwamba kinacheza kila kitu hakusema uongo mtupu. Alisema kinacheza, hakusema kwa mwendo gani. Mpwa wangu akalihifadhi upya kwa mtindo wa zamani, wa mwaka 2003, ambao kisanduku kinauweza. Tulipoteza nafasi kwenye diski, hatukupoteza picha. Intaneti hatukuigusa kabisa. Mtandao wa simu wa hapa huwa na kasi ya kutosha alfajiri na hunywea jioni watu wakirudi nyumbani, na filamu inayovutwa kwa mtandao wa namna hiyo hujipunguza ubora yenyewe katikati ya sura, bila kukuambia. Kwa filamu unayotaka kuihukumu, diski iliyo mkononi ni bora.

Tukawasha. Nikaona picha laini ajabu, nikashangilia mapema. Mpwa wangu akakunja uso, akasema, "Hapana mjomba, hii imezidi." Watu walikuwa wakitembea kama katika taarifa ya habari au tangazo la sabuni, uzito wa sinema ulikuwa umepotea. Televisheni mpya zina ufundi wa kubuni picha za katikati, yaani kati ya picha mbili za kweli inachora ya tatu ambayo hakuna kamera iliyoipiga. Kwa mpira wa miguu inafaa. Kwa filamu imewaudhi watengenezaji wengi. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwasihi watu wauzime ufundi huo majumbani mwao, na mwaka uliofuata baadhi ya watengenezaji wa televisheni wakakubaliana kuweka mpangilio maalumu wa kuzima mapambo hayo yote. Tuliuzima. Nilijifunza usiku ule kwamba picha inayosita na picha inayoteleza kupita kiasi zinamdhulumu mwigizaji mmoja: ya kwanza inamnyang'anya pumzi, ya pili inamzulia pumzi ambazo hakuzivuta.

Basi nikamwona Samehe.

Sitasema kwamba nililia, wala kwamba filamu ikageuka kuwa bora kuliko zote. Nitasema kilichobadilika. Ule muda mrefu niliouita kujikokota ulikuwa na kitu ndani yake. Lihamba hafanyi uso wake kuwa mtupu. Anaufanya uwe mlango uliofungwa kwa ndani, na mtu anaona komeo likiguswa. Macho yanatangulia, kichwa kinafuata kwa kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe ndiko kunakoonyesha miaka ya kimya. Kuchelewa huko, kwenye kisanduku kinachosita, hakuwezi kutofautishwa na ubovu wa kisanduku. Mwigizaji anasita, mashine nayo inasita, na mtazamaji aliyechoka anavihesabu vyote kuwa kitu kimoja. Mwanajuma Ali Hassan, aliyecheza Maangamizi mwenyewe, alikuwa kwangu mwaka 2019 kivuli chenye kitambaa. Sasa ana ngozi, na umri wake unaonekana kwenye ngozi hiyo. Bibi wa kale asiye na makunyanzi hamtishi mtu.

Lakini lawama zangu hazikufutika zote. Bado naona kwamba mazungumzo ya Kiingereza kati ya madaktari yanaeleza mno mambo ambayo uso wa Samehe umekwisha yaeleza. Bado naona kwamba alama za mizimu zimelundikwa kuliko hadithi inavyoweza kubeba, na kwamba Asira amepewa maumivu yake kwa haraka, kama mgeni anayekaribishwa chakula kabla hajaketi. Kasoro hizo ni za filamu. Zilikuwepo mwaka 2019 pia, ila sikuzisema, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuhukumu flashi.

Nilitaka kuwarudia wale vijana. Wamekwisha tawanyika, wengine wako vyuoni, mmoja nimemwona juzi stendi ya Njombe akiuza parachichi, akanisalimu "Kamwene, mwalimu," kwa heshima ileile. Nikamuuliza kama anakumbuka filamu niliyowasomea. Akasema anakumbuka, ile mbaya. Nilitaka kumweleza, lakini basi la Makambako lilikuwa linawasha injini na abiria wanamwita.

Ukurasa wa mwaka 2019 bado uko kwenye daftari langu. Sikuuchana. Pembeni, mbele ya sentensi inayohusu uso usiosema kitu, nimeandika kwa penseli: flashi, megabaiti 400, haijatazamwa. DVD ameichukua mpwa wangu, na kisanduku tumempa jirani anayetazama mpira.